Nani Anamjua Adolphine?

Mama alikufa katikati ya hadithi.

Alikuwa ameketi kitandani katika hospitali ya misheni mjini Baraka, mito miwili mgongoni, akiwasimulia wagonjwa wenzake jinsi mbuzi wa jirani alivyoila kofia ya shemasi siku ya ubatizo, mbele ya kanisa zima la Lweba. Alipofika pale shemasi anapovuta kofia huku na mbuzi anaivuta kule, akacheka, akaegemea mito, akafumba macho. Wanawake wa wodi wakangoja amalizie. Wakangoja tena kidogo. Ndipo Angeline, mkimbizi wa Burundi aliyelala kitanda cha jirani, alipomgusa mkono, kisha akamgeukia Joselyne na kusema polepole, "Dada, mama ametuacha."

Joselyne alilia sana, kisha akajikuta anatabasamu machozi yakiwa bado mashavuni, maana uso wa mama ulikuwa bado unacheka. Mama yule alikuwa ameshiba umri. Moyo wake ulichoka tangu kiangazi, na mwenyewe alikwisha kutoa maagizo yake mapema, kama mtu anayejiandaa kwenda sokoni: "Munizike Lweba, kando ya bwana yangu Élie, pale michikichi inaangalia ziwa. Kulia, mulie siku moja, inatosha. Kisha mupike. Mutu asirudi kwake na njaa juu yangu."

Maagizo hayakuwa magumu. Ugumu ulikuwa mlangoni mwa chumba cha maiti, na jina lake lilikuwa Papa Isidore.

Papa Isidore alikuwa mlinzi wa chumba hicho, mzee mkavu mwenye koti refu la bluu. Alimwona Joselyne anakuja na tumbo lake la mimba iliyokwisha kukua, akamsogezea kiti chake mwenyewe kabla ya kumuuliza lolote.

"Ikala kwanza. Jina yako?"

"Joselyne Irakoze."

"Na ya marehemu?"

"Adolphine Asende. Mama mwenyewe aliitaja siku tulifika."

Mzee akakuna kidevu. "Asende ni Mubembe. Irakoze ni Murundi. Sasa Mubembe alizala namna gani Murundi?"

"Hakunizala, papa. Alinilea."

"Alikulea na karatasi ao bila karatasi?"

"Bila."

"Voilà," alisema Papa Isidore, si kwa ukali, bali kama daktari aliyeona ugonjwa anaoujua.

Akamweleza. Mwaka uliopita familia moja ilichukua maiti kwa haraka, ikaimba nayo njia nzima, na ilipofunua uso kijijini Makobola ili shangazi amuage babu, ikaona babu si babu. Koo mbili zikakutana kwenye kaburi moja, na kila ukoo unadai machozi yake. Tangu siku hiyo hakuna maiti iliyotoka pale bila karatasi ya shefu wa mtaa, yenye muhuri, inayosema nani ana haki juu ya marehemu.

"Na hapa hatuna frigo ya kupoza maiti," aliongeza. "Marehemu halale hapa. Jua ikishuka bila karatasi, mji itamuzika yenyewe, kule nyuma ya mji, na kijiti."

"Na jina?"

Papa Isidore akatazama viatu vyake. "Kijiti tu, mutoto yangu."

Joselyne akasimama. Mama yake, aliyemjua kila mtu kwa jina na kuku wake pia, alale kando ya watu asiowajua, chini ya kijiti kisichosema neno. Hapana. Alimpigia simu mume wake Jacques, aliyekuwa Lweba akitafuta jeneza na lori, akamwambia, "Unitumie batu batatu kwa pikipiki sasa hivi. Bale bamemujua mama vizuri." Kisha akaenda kwa shefu.

*

Tuseme ukweli: Joselyne hakuwa na kipande cha karatasi kinachomfunga na yule mama. Alifika Lweba angali anabebwa, siku za vita vya kwao Burundi, mikononi mwa babu yake Gordien. Mzee Gordien alikuwa mgonjwa tayari. Alianguka karibu na mahali wanawake wanapokamua mawese, na Adolphine, mikono yake ikiwa myekundu kwa mafuta mpaka kwenye viwiko, ndiye aliyemnywesha maji. Hakupona. Siku aliyokufa alimweka mtoto mapajani mwa Adolphine mbele ya wanawake wote wa pale akasema, "Huyu ni wako sasa." Nani angekwenda kutafuta muhuri saa ile?

Adolphine na mumewe Élie, mvuvi, hawakuwa na mtoto. Alikuwa ameolewa kutoka Nundu, na Lweba ilimwita Muke ya Élie, basi. Kisha siku moja sokoni mtoto akapotea katikati ya miguu ya watu. Akasimama, akatazama miguu yote ile, akaenda moja kwa moja kukumbatia mguu mmoja wenye madoa ya mawese, akasema, "Mama." Mchana huo Adolphine aligawa mafuta bure kwa kila aliyepita na chupa, mpaka Élie akaja mbio kuuliza kama kichwa chake kizima.

"Nimezala," alimjibu mumewe, "na sikusikia hata uchungu."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena Muke ya Élie.

*

Ofisi ya mtaa ilikuwa chumba kimoja chenye bati, bendera mlangoni, na muhuri uliolazwa ndani ya kopo la maziwa. Shefu Bonaventure alikuwa mtu mnene, mpole, shati limepigwa pasi hata kwenye mikunjo. Alimsikiliza Joselyne bila kumkatiza.

"Mama, naona tumbo yako, naona na macho yako," alisema mwishoni. "Lakini macho si karatasi. Kama nikiandika juu ya huruma, kesho mwingine atakuja na machozi ya kununua."

"Sasa nifanye nini, chef?"

"Ulete batu batatu ba Lweba, bazima ba akili, si ba familia. Nitabauliza mi mwenyewe, moja-moja. We utaikala pale kwa kona. Hautasema neno. Ukifungua kinywa tu, ushahidi imekufa."

Joselyne nusura acheke kwa furaha. Watatu? Walikuwa njiani tayari. Angemwambia alete kijiji kizima angekileta, na mbuzi juu yake.

Pikipiki ya kwanza ilimshusha mwanamke aliyekuwa akilia tangu walipotoka Lweba, vumbi na machozi vimemchora usoni. Meza yake ya ndagala, wale dagaa wa ziwa, ilikuwa imepakana na meza ya mawese ya mama miaka yote. Akaitwa ndani, wale wawili waliomfuata wakabaki kwenye benchi nje.

"Jina?" aliuliza shefu.

"Mama Marthe."

"Jina yako mwenyewe."

"Ah, ile ya kuzaliwa?" Alifikiri kidogo. "Fanny."

Shefu akaandika. "Mama Fanny, unamujua Adolphine Asende?"

Joselyne, pale kwenye kona, akaegemea mbele. Mama Marthe akakunja uso.

"Adolphine? Iko Adolphine moja kule Nundu, anauzisha muhogo. Mufupi, anapenda sana mambo ya batu. Ni yeye?"

"Ni mi nakuuliza, mama."

"Basi huyo simujue vizuri. Tulionana mara moja kwa ndoa, na alikula sana."

Hapo tu ndipo Joselyne alipotambua kosa lake, kosa ambalo mtu wa Lweba peke yake ndiye angeweza kulifanya. Kwenye simu alikuwa amesema "mama". Kwa shefu alikuwa amesema "Adolphine". Na kati ya maneno hayo mawili hapakuwa na daraja hata la ubao mmoja, maana ni nani aliyewahi kumwita mama yake Adolphine? Alifungua kinywa. Shefu akainua kidole bila hata kumtazama. Joselyne akauma pindo la kitenge chake.

Wa pili alikuwa Papa Néhémie, mjenzi, jirani wa ukuta kwa ukuta. Huyu alijibu kwa fahari.

"Kwetu Lweba hakuna Adolphine. Kuko Arlette, kuko Ketsia, kuko Albertine wa mashine ya kusaga. Adolphine, hapana, chef. Angekuwako ningemujua. Kule tunajuana mpaka na bakuku."

"Una hakika?"

"Weka kidole yangu kwa wino."

Alipotoka, Joselyne aliona kalamu ya shefu imepunguza mwendo. Hakuwa mtu wa kufurahia jambo kuharibika. Alimwita wa tatu kwa sauti ya chini.

Wa tatu, Papa Henri, alikuwa amevua pamoja na Élie tangu ujana wao. Akaingia, akasikia jina, asilijue. Akamtazama Joselyne pale kwenye kona, akaona ule uso, na moyo wake mwema ukamtuma vibaya.

"Adolphine? Namujua. Namujua sana."

"Alikuwa mutu wa namna gani?"

"Mutu muzuri." Papa Henri akatazama bati, kana kwamba Adolphine ameandikwa huko. "Mwembamba. Wa kunyamaza. Masaa yote ananyamaza tu."

Joselyne akafumba macho. Mama yake alikuwa anahitaji nafasi mbili kwenye benchi la kanisa, na kunyamaza alinyamaza mara moja tu, leo asubuhi.

"Alikuwa anaikala wapi?" aliuliza shefu.

"Kwake," alisema Papa Henri.

Shefu Bonaventure akaweka kalamu chini. "Papa, nenda ukaikale kwa benchi."

Nje jua lilikuwa limeanza kulegea kuelekea milimani. Shefu alifuta jasho shingoni, na alipozungumza hakumtazama Joselyne usoni.

"Wa kwanza hamujue. Wa pili anasema mutu huyo hayuko kabisa. Wa tatu anamutengeneza hapa mbele yangu, na macho yangu inaona. Mama, mi nifanye nini? Ningetaka, lakini nifanye nini?"

Akachukua muhuri, akauangalia kidogo, akaurudisha katika kopo la maziwa. Kifuniko kilipobana, mtoto akapiga teke tumboni mwa Joselyne.

*

Ndipo lori lilipofika.

Kwanza ilisikika honi, kisha ngoma, kisha sauti za wanawake wa kwaya ya Lweba, wakiimba kwa nguvu zilizozidi injini. Jacques hakuwa amengoja karatasi. Alikuwa amepata jeneza na lori kwa pamoja, na kila aliyeona jeneza linapandishwa alipanda nalo. Juu ya lori kulikuwa na kwaya, masufuria, madumu ya mawese, na kuku wawili wenye wasiwasi.

Shefu akatoka mlangoni. "Kelele gani hii mbele ya biro, mbele ya ofisi? Munaenda wapi?"

Ketsia, kiongozi wa kwaya, akainama kutoka juu ya lori. "Chef, utusamehe. Tumekuja kubeba mama yetu kwa hospitali."

"Mama yenu nani?"

"Mama Joselyne."

"Mama Joselyne gani?"

Lori zima likamjibu kwa pamoja, kila mtu na lake. Mama Joselyne wa mawese. Mama Joselyne wa Lweba. Ule munene, wa kucheka, wa michikichi kandokando ya ziwa. Ule wa Papa Élie. Ketsia akangoja wamalize, kisha akauliza kwa mshangao wa kweli, "Chef, unakuwa Baraka na haujue Mama Joselyne?"

Shefu Bonaventure alisimama kama mtu aliyesahau alichofuata nje. Polepole akauliza, "Na huyo Joselyne mwenyewe ni nani?"

Mikono yote juu ya lori ikanyooka, na ile mitatu ya kwenye benchi nayo, kuelekea mlangoni, alipokuwa amesimama binti mwenye mimba, pindo la kitenge bado kinywani.

"Ninyi batatu," shefu aliwageukia wa benchi, "munamujua Mama Joselyne?"

"Kumujua?" Mama Marthe alisimama. "Tumeuzisha meza kwa meza mpaka meza zikaoza tukatengeneza zingine. Nimemulilia njia nzima, na we unaniuliza Adolphine wa Nundu."

"Ukuta ya nyumba yake ni mi nilijenga," alisema Papa Néhémie. "Alisema ilipinda. Na ni kweli, ilipinda."

"Huyu mutoto alifika kwa mikono ya babu yake," alisema Papa Henri, na safari hii hakutazama bati. "Mi nilisaidia kumuzika babu. Muke ya Élie alimubeba mutoto kwa mugongo siku ile, na hakumushusha tena. Njo pale Élie alichonga kiti kidogo cha mutoto. Njo tukaanza kumwita Mama Joselyne. Kila siku, chef, mpaka leo."

"Na jina yake ya kuzaliwa?"

Papa Néhémie akamtazama Mama Marthe. Juu ya lori mtu akasema Albertine, mwingine akamwambia huyo ni wa mashine. Mmoja akasema Georgette. Mama Marthe akamgeukia Joselyne, amechanganyikiwa kabisa. "Mutoto, kumbe mama yako alikuwaka na jina?"

"Adolphine," alisema Joselyne, maana sasa hapakuwa na wa kumzuia. "Adolphine Asende."

"Adolphine," Mama Marthe alirudia, akilionja. "Angalia huyu mwanamuke. Miaka yote hakuniambia."

Shefu Bonaventure akaketi pale pale kwenye kizingiti, na shati lake la pasi, akacheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, akacheka mpaka akafuta macho kwa mgongo wa mkono; na lori lote, bila kujua vizuri sababu, likacheka naye.

"Mi natafuta mutu mwenye kumujua Adolphine," alisema alipopata pumzi, "na kijiji muzima ilikuwa inatoa ushahidi kila siku kwa soko. Hata mama yangu, batu banamwita Mama Bonaventure. Kama angelala hapa leo, nani angejua jina yake?" Akasimama. "Batu batatu banaweza kupanga uongo. Uliona huyu papa hapa."

"Nilidanganya kidogo tu, chef," alisema Papa Henri.

"Ulidanganya vibaya. Lakini kijiji haiwezi kupanga jina ya mutu miaka yote hii, kusudi siku moja ije kudanganya biro."

Akarudi ndani. Akafungua kopo la maziwa. Aliandika jina la marehemu na jina la Joselyne, kisha akafika mahali pa kuandika uhusiano wao, akainua kichwa.

"Niandike nini hapa?"

Joselyne alikuwa amelifikiria neno hilo njia nzima ya kuja. Alikuwa amejipunguza mwenyewe ili jambo lipite. "Andika aliyelelewa, chef. Ao andika jirani. Ile yenye itafaa."

"Mi naandika ile nilisikia kwa batu," alisema Shefu Bonaventure. Akaandika *binti*, herufi kubwa, akapuliza wino, akagonga muhuri kwa nguvu hata kopo likaruka.

*

Papa Isidore aliisoma karatasi mara ya kwanza na miwani, mara ya pili bila miwani.

"Kumbe Mubembe anaweza kuzala Murundi," alisema.

"Njo hivyo, papa."

"Basi kuja, mubebe mama yenu." Naye mwenyewe akavua lile koti la bluu, akashika upande mmoja wa jeneza mpaka kwenye lori.

Walipokuwa wanaondoka, Angeline alitoa kichwa dirishani mwa wodi. "Joselyne, na ule mbuzi? Alifanya nini na kofia? Hapa hakuna mwenye atalala."

"Upone kwanza," alijibu Joselyne kutoka juu ya lori. "Kisha uje Lweba, shemasi atakumalizia mwenyewe."

Walilia siku moja, kama walivyoagizwa. Kesho yake walimzika kando ya Élie, mahali michikichi inapoliangalia ziwa. Kisha ugali wa bukari ukasongwa, sombe ya majani ya muhogo ikapikwa kwa mawese yake mwenyewe, na samaki wa mikeke wakachomwa mpaka moshi ukafika barabarani na kuwaita hata wapita njia. Shemasi alisimama akasimulia mwisho wa ile hadithi, akakiri kwamba mbuzi ndiye aliyeshinda, na kwamba, kusema kweli, kofia ile haikumpendeza tangu mwanzo. Papa Néhémie aliandika msalaba. Aliandika MAMA JOSELYNE kwa rangi nyeupe, herufi nene, na chini yake, kwa herufi ndogo za mtu anayejifunza jambo jipya, Adolphine Asende. Herufi zilipinda kidogo. Hakuna aliyemwambia azinyooshe.

Mvua za kwanza zilipoanza, Joselyne akajifungua mtoto wa kike. Jacques alikuja na majina aliyokuwa ameyaweka moyoni, mazuri yote. Joselyne aliyasikiliza mpaka mwisho, kisha akataja alilolichagua yeye. Jacques akafikiri, akamtazama mtoto, akatikisa kichwa kukubali.

Siku ya soko Joselyne alirudi kwenye meza ya mawese ya mama, mtoto mgongoni. Alikuwa ameinama akipanga chupa zake wakati Mama Marthe, kutoka meza ya ndagala, alipoinua sauti yake ile inayofika mpaka ziwani.

"Mama Adolphine, we Mama Adolphine, nipe chupa moja kabla ya batu kukuvamia."

Vichwa vikageuka. Mwanamke wa mboga akaulizia chupa naye, kwa jina lilelile. Kisha kijana wa chumvi. Na kabla ya saa sita soko zima la Lweba, lililokuwa halimjui Adolphine yeyote, lilikuwa linamwita kutoka kila upande.

Joselyne akainuka, akamweka mtoto vizuri mgongoni.

"Niko," aliitika.